Kupanda mchongoma na Land Rover ya Mwalimu

Msomaji mpenzi, ikiwa Jumamosi imekukuta jijini Nairobi na huna safari ya mbali, panda matatu nambari 58 uelekee Eastlands. Kaa karibu na dirisha na usisinzie, kwa maana safari yenyewe ni fupi lakini ina mengi. Matatu itaingia Barabara ya Landhies, ipite Soko la Muthurwa upande mmoja na kituo cha mabasi ya Machakos upande wa pili. Kabla hujatulia utasikia nyundo za Kamukunji, mafundi wakikunja mabati kuwa masanduku ya wanafunzi wa bweni, majiko na makarai. Kisha utazunguka mzunguko wa City Stadium, uwanja ambao tangu mwaka 2019 umepewa jina la marehemu Joe Kadenge, na hapo utakuwa umeingia Barabara ya Jogoo.

Hapa ndipo Eastlands inapoanza kujitambulisha, jina baada ya jina: Shauri Moyo, Kaloleni, Makongeni, Maringo. Kaloleni, yenye nyumba za mawe na mapaa ya vigae, ni ya miaka ya 1940. Mingine ilifuata, kila mtaa na kizazi chake cha wafanyakazi wa reli, wa posta, wa baraza la jiji na walimu. Shuka Jericho, karibu na soko, mahali ambapo moshi wa nyama choma hukukaribisha kabla ya mtu yeyote kukusalimu.

Ukipenya kati ya nyumba zile ungekuta, mpaka hivi majuzi, Land Rover fupi ya kijani imelala chini ya mti. Magurudumu yake yalikuwa yamezama nusu katika udongo. Watoto walikuwa wameifanya basi, mmoja dereva, mmoja utingo, wengine abiria wasiolipa nauli. Kuku wa jirani alikuwa akitaga chini ya kiti cha nyuma, na mwenye kuku alipotafuta mayai alikuja moja kwa moja pale bila kuuliza.

Namba zake zilikuwa za zamani, herufi tatu na tarakimu tatu bila herufi ya mwisho, za kabla ya mwaka 1989 tulipoanza kuhesabu KAA. Mwenyewe ni jirani yangu, mwalimu mstaafu ambaye nusu ya watu wazima wa mtaa huu waliwahi kuonja fimbo yake. Hakuna anayemwita kwa jina. Ni Mwalimu tu. Alilinunua gari hilo mnadani akiwa kijana na likamtumikia kati ya Jericho na kwao milima ya Mbooni, Ukambani, hadi siku injini iliponoki, kama wasemavyo madereva. Likavutwa kwa kamba mpaka chini ya mti, na hapo likabaki miaka sita.

Mara nyingi wanunuzi wa vyuma vikuukuu walikuja kulipigia bei kwa kilo. Mkewe alitaka liuzwe. Lakini mwaka uliopita Mwalimu alipopata kiinua mgongo chake, wawili hao waliamua kurudi nyumbani Mbooni, na hapo hesabu ikabadilika. Mama ana ugonjwa wa sukari na lazima aende kliniki kila mwezi. Kutoka bomani kwao hadi barabara kuu ni mteremko mrefu wa udongo mwekundu, kona juu ya kona, na mvua ikinyesha gari dogo la saluni halitoki wala haliingii. Kwa hiyo Mwalimu aliangalia lile kobe la kijani kwa macho mapya. Akaniambia, "Wewe ni mtu wa magazeti, unajua watu. Nitafutie fundi asiyesema uongo."

Nyumba njema si mlango

Ombi hilo si dogo, msomaji, lakini nilijua pa kuanzia. Kutoka Jericho tulifuata Barabara ya Rabai, tukapita Buruburu na Mutindwa, tukaingia Outer Ring na kuelekea Kariobangi Light Industries. Ukifika huko utajua bila kusoma kibao. Utasikia mlio wa mashine za kukata chuma, utaona cheche za kuchomelea zikiruka kama fataki za mchana, na utalazimika kuruka mageti, mashine za kusaga mahindi na za kukatakata majani ya ng'ombe zilizopangwa mpaka kando ya njia.

Jina la jua kali halikutoka mbali. Mafundi walifanya kazi bila paa, jua likiwachoma utosini. Mwaka 1972 Shirika la Kazi Duniani lilitoa ripoti kuhusu Kenya iliyofanya wasomi wa ulimwengu waanze kuziangalia kwa heshima kazi hizi ndogo ndogo. Katikati ya miaka ya 1980 Rais Daniel arap Moi aliwatembelea mafundi wa Kamukunji na kuamuru wajengewe vibanda. Mwaka 1986 akakitaka Chuo Kikuu cha Nairobi kiunde gari la Kenya, na magari ya majaribio ya Nyayo yakaonyeshwa mwaka 1990, ingawa hayakuingia sokoni. Wakati taifa likilisubiri gari hilo, mafundi wa jua kali walikuwa tayari wakiunda magari yao, moja moja, kutoka katika mifupa ya magari mengine.

Fundi tuliyemfuata ana umri wa miaka hamsini na kitu. Alijifunza kazi kwa fundi wa Kihindi eneo la viwanda, akafagia karakana mwaka mzima kabla ya kuruhusiwa kushika spana. Land Rover ilipofikishwa kwake, ikivutwa na lori, hakufungua boneti. Alitandaza gunia chini, akalala chali na kuingia uvunguni na nyundo ndogo.

Tukasikia: ti, ti, ti. Kisha: tup. Akarudia palepale: tup. Akaomba bisibisi. Alipotoka mkononi alikuwa na kipande cha chuma chepesi kama biskuti, akakivunja mbele ya Mwalimu kwa vidole viwili.

"Mwalimu," alisema, "mnaongea habari ya injini, na gari halina miguu."

Nieleze kidogo, kwa faida ya wasiojua. Land Rover ya kwanza ilionyeshwa Amsterdam tarehe 30 Aprili 1948. Uingereza ilikuwa imetoka vitani na chuma kilikuwa haba, kwa hiyo mabamba ya bodi yalitengenezwa kwa aluminiamu. Aluminiamu haishiki kutu kama chuma. Ndiyo maana utaona Land Rover ya miaka hamsini ingali na mashavu yake. Lakini fremu inayobeba bodi, injini na abiria ni ya chuma, na chuma hakina udugu na maji wala matope. Gari huoza kwa chini huku juu likikuchekea. Wahenga walisema nyumba njema si mlango, fungua uingie ndani. Fundi yeye alisema ulale chali uingie chini.

Bahasha tatu

Mwalimu ni mtu wa mpango. Alikuja na fedha zake katika bahasha tatu, kila moja imeandikwa kwa herufi zile kubwa zilizonyooka za ubaoni. Ya kwanza, nene, iliandikwa INJINI. Ya pili, RANGI. Ya tatu, nyembamba, MENGINEYO.

Alikuja pia na kitinda mimba wake, kijana wa chuo, mwenye simu iliyojaa picha za magari ya Rhino Charge. Hayo ni mashindano ya magari porini, yaliyoanza mwaka 1989 kuchangisha fedha za kuzungushia uzio msitu wa Aberdare, na magari yake mengi huundwa upya kuanzia chini hadi juu. Kijana alikuwa amekwisha kuamua. Alitaka injini ya lori la Isuzu, 4BD1, lita 3.9.

"Itapanda ukuta, fundi," alisema.

"Itapanda," fundi alikubali. "Lakini nguvu ikitoka kwa injini hupitia wapi kabla ya kufika kwa gurudumu?"

Kijana akanyamaza. Fundi akamhesabia kwa vidole vyenye oili: klachi, giaboksi, propela, difu, na mwisho vile vyuma viwili vya nyuma vinavyozungusha magurudumu, ambavyo mafundi huita hafu shafti. Katika Land Rover fupi za aina hii hafu shafti za nyuma zinajulikana kwa udhaifu. Injini ya petroli waliyozaliwa nayo ilikuwa ya sentimita za ujazo 2,286, yenye nguvu za farasi sabini na kitu, na hata hiyo ilizivunja dereva alipokosa adabu.

"Mtoto ukimtwika gunia la mtu mzima," fundi alisema, "hatakuwa na nguvu zaidi. Atavunjika mgongo."

Lakini kijana alikuwa amesoma. "Mbona huko Australia Land Rover ziliuzwa na injini hiyohiyo? Hata jeshi lao liliitumia."

Na kweli, msomaji, hakukosea. Kuanzia miaka ya mwanzo ya 1980 Land Rover zilizouzwa Australia ziliwekwa 4BD1 tangu kiwandani, na zile za jeshi zilizoitwa Perentie zikafuata baadaye katika muongo huohuo. Nilidhani fundi amekwama.

"Vizuri," akasema. "Na giaboksi waliweka ipi?"

Kijana akapekua simu yake kwa muda, kisha akakubali kwa sauti ya chini kwamba walitumia giaboksi nyingine, ngumu zaidi.

"Basi nunua na hiyo, na difu zake. Bahasha ya Baba itatosha?"

Mwalimu, aliyekuwa amekaa kimya juu ya tairi, alicheka kwa mara ya kwanza siku hiyo. Nadhani alifurahi kuona mtu mwingine akiuliza maswali kama yeye.

Ndipo fundi alipoomba kalamu. Juu ya bahasha ya RANGI alifuta na kuandika BREKI. Juu ya MENGINEYO aliandika FREMU. Kisha akahamisha noti kutoka bahasha nene kwenda kwa zile mbili, mbele ya macho yetu, mpaka zote tatu zikawa na unene mmoja. Mwalimu alimtazama mtu huyu aliyeishia darasa la saba akisahihisha kazi yake, na hakusema neno.

Ndoa ya Mwingereza na Mjapani

Wakakubaliana juu ya injini ya dizeli ya Isuzu 4JB1, ya sentimita za ujazo 2,771, iliyotolewa katika pikapu kuukuu. Sababu ni nyepesi. Magari ya Isuzu yamekuwa yakiunganishwa hapa Nairobi, Barabara ya Mombasa, tangu mwaka 1977. Kwa hiyo hakuna soko la vipuri, hata katika miji midogo ya Ukambani, ambako utakosa chujio au gasketi yake. Injini isiyo na vipuri karibu ni sawa na mgonjwa asiye na duka la dawa.

Lakini Isuzu na Land Rover hazikuumbwa kukutana. Matundu ya bolti ya injini hayaelekeani na ya giaboksi. Katikati lazima liwekwe bamba nene la chuma, upande mmoja limetobolewa kwa kipimo cha Mjapani, upande wa pili kwa kipimo cha Mwingereza. Hilo bamba ndilo mshenga wa ndoa hii.

Ukitaka kuijua Light Industries, fuata bamba kama nilivyofanya mimi. Mwanagenzi wa fundi alilibeba begani kutoka kwa muuza vyuma. Tukaenda kwa mtu wa kukata kwa gesi, akalikata duara. Tukaenda kwa mzee mwenye mashine ya lethi, aliyelizungusha na kulipara polepole huku akilisikiliza, miwani yake imefungwa kwa uzi. Tukaenda kwa kijana wa kutoboa, kisha tukarudi kwa mzee wa lethi kwa sababu tundu moja lilikuwa limekataa. Vibanda vinne, mikono minne, na hakuna aliyeandika stakabadhi zaidi ya chaki ukutani. Hakuna hata mmoja wao anayeweza kusema yeye ndiye aliyebadilisha injini, na bila mmoja wao kazi isingekwisha.

Fundi alilipokea bamba, akalifunga, kisha akaleta chombo kama saa ya mkononi chenye mshale mmoja. Akakizungusha katikati ili kuona kama shina la giaboksi na kitovu cha injini vimenyooka mstari mmoja. Mshale ukacheza kidogo. Mimi sikuona kasoro yoyote. Yeye alifungua tena bolti zote.

"Unywele ukiingia hapa, dada," aliniambia, "klachi italia mpaka Mbooni."

Wakati huohuo fremu ilikuwa upande mwingine wa kibanda, uchi, bodi imeinuliwa na kuwekwa juu ya mapipa. Sehemu zilizooza zilikatwa na kuchomelewa chuma kipya, si kubandikwa viraka juu ya kutu kama wafanyavyo wenye haraka. Vishikio vya injini navyo viliundwa upya na kuwekwa raba nene, kwa sababu dizeli hutetemeka kuliko petroli, na mtetemo ukipanda kwenye fremu utalegeza kila kilichokazwa. Springi za mbele ziliongezwa ili bakuli la oili lisigonge ekseli gari likiruka shimo. Nilianza kuelewa kwa nini bahasha ilihamishwa.

Siku ya ugomvi

Usidhani yote yalikwenda kwa nyimbo. Mwezi wa pili fedha zilianza kupungua, na kijana, kwa nia njema kabisa, alitaka kumpunguzia baba yake gharama. Injini ilikuwa imeuzwa bila altaneta, kwa hiyo akanunua moja mahali fulani mjini kwa bei ya chini. Ilizunguka, ilitoa umeme, taa ziliwaka. Injini ilinguruma na watoto wa vibanda vya jirani wakapiga makofi. Mwalimu alikuwa amekwisha kumwambia mkewe afunge mizigo.

Fundi akazima gari. Akaitazama altaneta kwa nyuma, akatikisa kichwa.

"Hii haitoki hapa," alisema.

Mwalimu alisimama. "Fundi, nimekulipa. Gari linawaka. Mama amefunga vyombo. Unataka nini tena?"

Sijawahi kumwona Mwalimu amekasirika hivyo tangu nilipokuwa mtoto. Lakini fundi hakupandisha sauti. Alieleza, nami nakueleza wewe kama alivyosema. Injini ya petroli ikivuta hewa kupitia kabureta huacha nafasi tupu yenye mvuto, na mvuto huo ndio unaoisaidia busta ya breki, ili mguu wa binadamu uweze kusimamisha tani nzima na zaidi. Dizeli haina mvuto huo. Ndiyo maana Isuzu waliweka pampu ndogo ya kunyonya hewa nyuma ya altaneta yao. Altaneta aliyoleta kijana haikuwa na pampu. Taa zingewaka, betri ingejaa, na busta ingekuwa kopo tupu.

"Hapa Kariobangi ni tambarare," alisema fundi. "Utakanyaga kwa nguvu na litasimama, na utasema fundi ni mwizi wa wakati. Lakini hukuleta gari hili ulitumie Kariobangi. Wote mnaniuliza kama litapanda. Hakuna aliyeniuliza litashukaje."

Kimya kikatanda. Kisha Mwalimu, ambaye kwa miaka thelathini alitufundisha methali na kutukata alama tulipozikosea, akasema kana kwamba anajisomea mwenyewe: "Kupanda mchongoma, kushuka ndiyo ngoma."

"Na hizi breki ni za dramu magurudumu yote manne," fundi akajibu akitabasamu. "Dramu si ndiyo ngoma, Mwalimu?"

Hata kijana alicheka, ingawa masikio yake yalikuwa mekundu. Wiki moja ikaongezeka. Altaneta yenye pampu ikapatikana. Mama akafungua vyombo alivyofunga, na jioni hiyo nikasikia kupitia ukutani kwamba hakufurahi.

Ngoma yenyewe

Asubuhi moja ya Jumapili, barabara za nyuma zikiwa bado tupu, fundi alijaza magunia ya mchanga nyuma ya Land Rover. Rangi ilikuwa ileile ya zamani, na pale palipochomelewa palikuwa pamepakwa rangi nyekundu ya kuzuia kutu tu. Lilionekana kama mtu aliyetoka hospitali na bendeji zake. Fundi alichora mstari wa chaki barabarani, akampa kijana usukani, akamkalisha Mwalimu kando yake.

Mara ya kwanza walipofika mstarini, gari lilisimama lakini likavuta kushoto kama punda anayeona nyasi. Fundi akaingia chini, akakaza upande mmoja, akalegeza mwingine, kwa maana breki za dramu zisipolingana gari huyumba. Mara ya pili likavuta kidogo. Mara ya tatu likasimama limenyooka, na magunia yakasogea mbele kwa kishindo.

Kisha akafanya jambo ambalo sikulitegemea. Akawaambia wapite katika dimbwi la maji, pole pole, halafu wafunge breki. Gari likapitiliza mstari hatua nyingi. Uso wa kijana ukabadilika. Dramu zikiingia maji, breki hupoteza makali mpaka zikauke, na dawa yake ni kukanyaga kidogo kidogo ukiendelea kwenda ili joto likaushe. "Bora ushtuke hapa," fundi alimwambia, "kuliko kule kwenu."

La mwisho lilikuwa somo, na mwalimu siku hiyo alikuwa fundi. Gia uliyopandia mlima ndiyo ya kushukia. Usishuke umeachia gia huru ukidhani unaokoa mafuta. Mwache injini akusaidie kulizuia gari, na breki uzitunze kwa kona. Kijana alirudia maneno hayo mara mbili, kama tulivyokuwa tukirudia jedwali la hesabu.

Karatasi nazo zilifuata. Gari likibadilishwa injini, namba iliyo kwenye kitabu cha gari si ile iliyo chini ya boneti tena, na mabadiliko hayo hupelekwa kwa Mamlaka ya Kitaifa ya Usalama na Uchukuzi, NTSA, pamoja na ukaguzi wa gari. Fundi alikuwa amekataa tangu mwanzo kufunga injini isiyo na stakabadhi ya mahali ilipotoka. Injini bila karatasi, alisema, ni mgeni asiyetaka kutaja jina lake.

Msomaji, huenda nawe una gari la mzazi limelala mahali, au mjomba wako analo. Kabla ya kuliuza kwa kilo au kulimwagia akiba yako, panda matatu uende ukaone wenyewe mafundi hawa, na umchukue mtoto wako mkononi. Lakini ukifika, usianze kwa kuuliza bei ya injini. Muulize fundi fremu ikoje, nguvu itapitia wapi, na gari litasimama vipi likiwa limebeba mzigo katika mteremko. Anayejibu upesi upesi, mshukuru na uendelee na safari. Anayeomba gunia la kulalia, keti umsubiri.

Land Rover iliondoka Jericho alfajiri, Mwalimu na Mama mbele pamoja na kijana, nyuma godoro, masufuria, sanduku la vitabu na kuku wawili. Yule kuku wa jirani alizunguka chini ya mti siku nzima akitafuta pa kutagia. Siku tatu baadaye ilikuwa tarehe ya kliniki, na usiku wake mvua ilikuwa imenyesha Ukambani kote. Nilikaa na simu mezani asubuhi yote, sikuweza kuandika kitu. Karibu saa tano ujumbe ukaingia kutoka kwa Mwalimu, ameuandika kwa herufi kubwa kama za kwenye bahasha. Lilikuwa neno moja tu.

TUMESHUKA.